Bahasha ya Tisa Haifunguliwi

Wiki nzima, msomaji wangu, ule muhuri umekaa hewani. Nimeambiwa wapo walioshindwa kulala. Basi leo unashuka, mkalale.

Ulishuka. Pu!

Lakini haukutua kwenye bahasha.

Mtaalamu wa chama cha wakusanya bahasha alihisi kitu laini chini ya mpira wa muhuri. Akatazama. Juu ya bahasha palikuwa na mkono wa kizee, umejitandaza kama kuku anayeatamia. Na kwenye mgongo wa mkono ule, katikati ya mishipa, kwa wino wa zambarau ambao hata sabuni ya kufulia inauogopa, palisomeka neno moja: BANDIA.

Ukumbi ukaguna.

"Toa mkono, mama," alisema Mtaalamu.

"Sitoi."

"Unazuia kazi."

"Gonga tena. Wa kushoto bado msafi."

Nyuma yake wifi yake, fundi cherehani mwenye futi ya kupimia shingoni na ulimi usiopimika, aliangua kicheko. "Wifi! Umepigwa chapa kama gunia la saruji! Nikikurudisha nyumbani watoto si watasema nimeuziwa feki?"

"Nyamaza wewe. Baadaye tutacheka wote."

Kwa aliyemwazima jirani gazeti la wiki iliyopita na mpaka leo halijarudi, nasema kwa ufupi. Mwenye mkono ni Bibi Mihuri. Miaka thelathini na mmoja alikaa kaunta ya posta akigonga barua za watu. Marehemu mumewe alikuwa mchora mabango. Miaka arobaini iliyopita, roketi yenye setilaiti ilipokuwa inasubiriwa iruke, posta ilichonga muhuri maalumu wa kumbukumbu, na mchora mabango akapamba bahasha tisa kwa brashi yake: roketi, nyota, mwezi unaocheka, na katika ile ya tisa, mbuzi aliyevaa kofia ya mwanaanga. Mke akazigonga. Ndizo hizo tisa zilizokuwa mezani kwenye maonyesho, na Mtaalamu alikuwa amezitangaza kuwa za kughushi.

Kwa wakusanyaji, bahasha iliyogongwa BANDIA mgongoni haina ndugu tena. Haionyeshwi popote, na jina la mwenyewe hubandikwa mlangoni pa chama ili kila mpita njia alisome. Bibi Mihuri hakuwa na shamba wala ghorofa. Alikuwa na jina, na bahasha tisa.

"Sikuonei, mama," alisema Mtaalamu, akiinua lenzi iliyoning'inia kifuani mwake kama kengele ya ng'ombe. "Muhuri ule ulichongwa mmoja tu, na tarehe ikachongwa humo humo: kumi na nne. Tazama za kwangu pale ukutani, mia mbili kamili, zote kumi na nne. Zako zinasema kumi na saba. Na hiyo saba imelala upande kama mlevi. Nani aliitia?"

"Mimi."

Katibu wa chama, bwana mwembamba anayeomba radhi hata kwa viti, aliangusha kalamu.

"Mmesikia!" Mtaalamu akapaza sauti. "Amekiri mwenyewe!"

"Roketi iliruka lini?" aliuliza Bibi Mihuri.

"Hilo si suala."

"Nakuuliza wewe mwenye lenzi. Iliruka lini?"

Mtaalamu alimeza mate. "Tarehe kumi na saba. Upepo uliichelewesha."

"Ahaa!" alisema wifi.

"Basi wageni wajue yaliyotokea nyuma ya kaunta," alisema Bibi Mihuri, na mkono wake haujabanduka mezani. "Watu walituletea bahasha mapema, elfu mbili, wakaomba tuzigonge siku roketi itakaporuka. Makarani tukaona zitatuua. Mkuu wa posta akasema, tuzigonge alfajiri ya tarehe kumi na nne, mchana tupumzike. Tukagonga mpaka kijiko hakishikiki. Saa sita redio inasema: upepo mkali, roketi haiendi kokote."

Kicheko kikapita ukumbini. Mtaalamu hakucheka.

"Mkuu akasema, zigawanywe hivyo hivyo, nani atajua? Nikamwambia, za mume wangu hazigongwi mpaka chombo kiondoke ardhini. Bahasha ya roketi iliyokaa chini ni bahasha ya nini? Asubuhi ya kumi na saba nikachukua tupa, nikaikwangua ile tarehe kwenye muhuri, nikatia namba za muhuri wa kila siku. Saba ikalala. Nilikuwa karani, sikuwa sonara."

"Hadithi tamu," alisema Mtaalamu. "Haya, na hii tuisome vipi?"

Akatoa mkobani daftari kubwa lenye jalada la kitambaa, limeliwa na mende pembeni. Bibi Mihuri alilijua kabla halijatua mezani.

"Daftari la mihuri la ofisi yako. Kila asubuhi, kabla kaunta haijafunguliwa, kila muhuri ulipigwa humu, na makarani wawili wakasaini kuthibitisha tarehe. Nimelitoa stoo ya posta kwa mikono yangu. Tusome pamoja." Akafunua. "Kumi na sita, huu hapa. Kumi na nane, huu hapa. Kumi na saba uko wapi, mama?"

Kati ya kurasa mbili ilibaki ncha ya karatasi iliyochanika, imechongoka kama jino bovu.

Wifi alimnong'oneza. "Wifi, tumekwisha?"

"Bado."

"Uliuchana wewe," alisema Mtaalamu.

"Aliuchana Mkuu. Alipoona nimechokonoa muhuri wa serikali akasema namtafutia balaa. Akauchana, akautupa kwenye kapu la taka."

"Mkuu ni marehemu. Mwongo hapungukiwi mashahidi waliokufa."

Neno hilo lilipomtoka, Bibi Mihuri aliinua kichwa. Alimtazama Mtaalamu kwa furaha, namna mtu anavyomtazama mgeni aliyemsubiri kwa miaka.

"Umeniitaje?"

"Mwongo."

"Sema kwa sauti. Wa nyuma hawajasikia."

"Mwongo!"

"Asante." Akaubandua mkono mezani, akaichukua bahasha ya tisa, ile ya mbuzi, akaiinua juu. "Ukurasa haukukaa kapuni. Umo humu."

Rangi ilimtoka Mtaalamu usoni, ikarudi mbio kama mtu aliyesahau funguo. Kisha akacheka, tena akacheka sana.

"Ifungue basi! Fungua! Wote hapa tunajua: bahasha ya kumbukumbu ikishafunguliwa ni maiti. Miaka arobaini haijaguswa, uipasue leo? Na ndani ukikuta hewa?"

Watu wakatikisa vichwa. Kwa wakusanyaji, kufungua bahasha iliyogongwa ni sawa na kupasua ngoma ili uone sauti inakaa wapi.

Mtaalamu alijua alichokuwa anakifanya. Asichokijua ni kwamba mfuniko wa bahasha ile ulilowanishwa na ulimi wa mchora mabango, jioni ya tarehe kumi na saba, mbele ya mkewe. "Hii usiifungue," alimwambia, "mpaka siku watakayokuita mwongo mbele za watu." Siku sita baadaye ngazi ilimtupa kutoka kwenye bango la duka la rangi. Ukingo ule wa karatasi ndicho kitu pekee duniani kilichobaki na alama ya mdomo wake.

Mkono wenye BANDIA uliishusha bahasha mezani.

"Kwani siku ile gunia la barua lilipopotea ofisini kwenu mbona hukuifungua?" wifi aliuliza polepole. Naye alikuwa dada wa marehemu. Sauti yake ilikuwa imelegea.

"Siku ya gunia niliitwa mwizi. Mwongo sikuitwa. Tena ofisini, tukiwa wawili, mlango umefungwa."

"Wifi!"

"Kaka yako alikuwa mtu wa masharti. Unamjua."

"Namjua. Alikataa kula mpaka kijiko kiwe upande wa kulia." Wifi alichomoa kwenye pindo la blauzi kile kiwembe anachofumulia mishono, akakifuta kwa kidole, akakiweka mezani. "Sharti limetimia. Fumua."

"Katibu!" Mtaalamu aliita. "Muda umekwisha. Tugonge tufunge!"

Katibu alisimama. Aliomba radhi kwa kiti, akaomba radhi kwa meza, kisha akafanya jambo ambalo mkewe mpaka leo haliamini. Akafungua kitabu cha kanuni akasoma kwa sauti inayotikisika: "Anayeshutumiwa atapewa nafasi ya kuonyesha ushahidi wa maandishi kabla muhuri haujagongwa. Samahani, Mtaalamu. Imeandikwa. Samahani sana."

Bibi Mihuri alishika kiwembe. Hakuugusa ule ukingo wa mumewe. Alikata upande wa pili, ubavuni, taratibu, kama anayefungua mdomo wa mgonjwa.

Karatasi ikatoka. Ilikuwa imekunjwa mara nne, imegeuka rangi ya chai. Akaikunjua.

Muhuri wa kumbukumbu: roketi, nyota, tarehe kumi na saba. Na ile saba imelala upande, vilevile.

"Karatasi yoyote inaweza kugongwa!" Mtaalamu alipiga kelele. "Hata jana!"

"Katibu, mwanangu," alisema Bibi Mihuri, "tia jino kwenye pengo."

Katibu aliusogeza ukurasa kwenye daftari, mchaniko kwa mchaniko. Ukaingia. Mstari wa rula uliokatika upande huu ukaendelea upande ule, na doa la wino lililogawanyika nusu kwa nusu likawa doa moja. Mtu wa nyuma alipiga makofi, na wenzake wakadaka.

Wifi akapiga kigelegele hadi kioo cha dirisha kikaitika. "Gonga sasa! Si una muhuri? Gonga!"

Hapa mwandishi mvivu angeweka kalamu chini. Lakini Katibu alikuwa bado ameinama, na shingo yake ilikuwa inageuka nyekundu.

Chini ya ule muhuri palikuwa na sahihi mbili. Moja ilikuwa ya Bibi Mihuri. Ya pili, ya shahidi, ilikuwa na mkia mrefu uliojizungusha mara mbili kama kamba ya ndoo.

Katibu alitazama ukurasa. Akatazama tangazo la kumfungia Bibi Mihuri, lililosainiwa na Mtaalamu asubuhi ile ile, wino haujakauka vizuri. Mkia mrefu. Umejizungusha mara mbili.

"Samahani, Mtaalamu," alisema. "Hii sahihi ni yako."

Mtaalamu alilisukuma daftari mbali naye.

"Sijawahi kufanya kazi posta maisha yangu yote," alisema Mtaalamu.

Bibi Mihuri alimsogelea. Alizitoa akilini zile ndevu nyeupe, akautoa upara, akaitoa miwani. Chini ya vyote hivyo alibaki karani wa muda aliyekaa nao wiki tatu tu, aliyekataa kutumia sponji ya kaunta, akalowanisha stempu zote kwa ulimi mpaka midomo ikamng'aa, na wenzake wakambandika jina la Sponji.

"Sponji?" alisema.

"Simjui mtu huyo!"

"Ulisaini pamoja na mimi. Uliniona na tupa mkononi, ukanishikia taa. Ulijua tangu zamani kuwa mihuri yangu ni ya kweli."

"Nimesema simjui!"

"Basi na hii ya nani?" aliuliza wifi.

Kwa mazoea ya fundi, asiyeacha mfuko bila kuukung'uta, wifi alikuwa ameigeuza bahasha ya mbuzi kichwa chini. Ilikuwa imedondosha kitu cha pili. Bahasha ndogo, imefungwa, haina stempu, imechorwa kwa rangi kila pembe. Bibi Mihuri hakuwahi kuiona. Lakini mkono ule wa brashi angeutambua hata gizani.

Picha ilionyesha ofisi ya posta mchana wa tarehe kumi na saba. Makarani wote wameipa kaunta mgongo, wameizingira redio kama nzi kwenye embe. Dirishani roketi inapaa, ingawa kwa kweli haikuonekana kutoka pale. Mchora mabango hakuwa mtu wa kunyimwa roketi. Na kwenye mlango wa nyuma, mtu mmoja mwembamba anatoka na gunia begani. Kwenye gunia kuna kibao cha namba. Tatu.

Chini yake, kwa herufi zile zile zilizopamba maduka nusu ya mji: "Kwa Sponji, mchapakazi pekee siku ya roketi."

Marehemu alichora utani. Alikuja kumletea mkewe chakula cha mchana, akaona wote wamekwama redioni isipokuwa mmoja, ikamchekesha. Gunia lilipotafutwa, yeye alikuwa ameshazikwa.

Bibi Mihuri aliweka kidole juu ya ile namba.

"Gunia namba tatu," alisema. "Bahasha mia mbili za watu. Mkuu aliniambia mwenye funguo ni mimi, basi mwizi ni mimi. Sikushtakiwa, lakini sikupandishwa cheo hata siku moja. Miaka ishirini na tisa iliyobaki nimegonga mihuri kwenye kaunta ile ile, na kila mkuu mpya akiletwa, anaonyeshwa mimi kwa kidole."

"Fungua hiyo ndogo, wifi! Tuone kaka kaandika nini!"

Bibi Mihuri aliigeuza bahasha ndogo, akaitazama anwani. Kisha akaiweka mezani na kukirudisha kiwembe kwa mwenyewe.

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Barua ina mwenyewe. Sijawahi kufungua barua ya mtu, na wizi wa kusingiziwa haunifanyi nianze leo." Alijinyoosha. Mgongo ule ulikuwa umeinama kwa miaka, nasikia siku ile ulitoa mlio. "Kanuni ya posta naikumbuka. Mwenye barua huitwa mara tatu. Akija, anasaini, anapewa. Asipokuja, barua hufunguliwa mbele ya mashahidi. Mashahidi ni ninyi nyote."

Akagonga meza kwa kiganja, kama zamani asubuhi foleni ikiwa ndefu.

"Sponji!"

Mtaalamu alitazama dari.

"Sponji!"

Mtaalamu alitazama viatu vyake. Kijasho chembamba kilimshuka kwenye lenzi.

"Wifi, lete tena hicho kiwembe. Spo..."

"Usifungue!" Sauti ilimtoka kabla hajaizuia. "Ni yangu."

"Jina?"

"Mama, tafadhali. Tuzungumze pembeni."

"Jina, bwana. Kaunta haisikii minong'ono. Kuna foleni."

Watu mia moja na kitu walisogea mbele.

"Sponji," alisema Mtaalamu, kwa sauti ndogo kama ya stempu inayobanduka.

"Saini hapa."

Katibu alisogeza daftari la wageni. Mtaalamu alisaini. Na hata katika fedheha ile, mkono wake haukuweza kujizuia: mkia mrefu, ukajizungusha mara mbili.

Bibi Mihuri akampa barua yake kwa mikono miwili, kwa adabu zote za kazi. Kisha akaugeuza mgongo wa mkono wake, ule wa zambarau, akauweka chini ya pua ya Mtaalamu.

"Huu sitauosha. Utauosha wewe, kwa maji na sabuni, hapa hapa mezani, wakikutazama. Lakini kwanza, nina swali dogo."

Akageuka kuelekea ukutani, kwenye zile bahasha mia mbili zenye medali juu yake. Zilikuwa nzuri, zimepangwa kwa safu. Na kila moja ilikuwa na kipande cha karatasi nyeusi mahali pa anwani. Kibao cha maelezo kilisema: Zimefunikwa kwa heshima ya wapokeaji.

"Tangu asubuhi nilikuwa najiuliza," alisema wifi, "mbona bahasha hizi zimevaa miwani ya jua ndani ya nyumba."

"Mia mbili," alisema Bibi Mihuri. "Mia mbili kamili. Katibu, zibandue hizo karatasi nyeusi. Tuzisome anwani. Wengine wenye barua zao huenda wamo humu humu ukumbini."

Kwenye safu ya tatu mzee mmoja mwenye mkongojo alisimama polepole. "Mimi nilipeleka bahasha nne posta," alisema. "Nikaambiwa zimepotea."

Katibu akaweka ukucha chini ya karatasi ya kwanza.

Ndipo Mtaalamu alipokimbia. Aliifumbata ile bahasha ndogo kifuani, akapindua kiti, akashika njia ya mlango wa nyuma, mabega yameinama kama yule mwembamba wa kwenye picha.

Lakini safari hii, msomaji wangu, hakuna aliyekuwa anasikiliza redio.